Dadu, Vitabu na Hela ya Nyumbani

SEHEMU YA 1: Swali la inboksi

Leo siongelei chanjo wala homa. Wiki mbili hizi inboksi yangu inapokea swali lile lile, kila mtu na namna yake ya kuliuliza. Mmoja anasema, "Dada nesi, mwanangu wa darasa la nane anataka dola hamsini ya kitabu cha mchezo. Kitabu cha mchezo, jamani!" Mwingine anasema mume wake ana kabati zima la vitabu vya majoka na kila mwezi kifurushi kingine kinashushwa mlangoni. Wa tatu kaandika mstari mmoja tu: "Hizi dadu zinatumaliza, nifanyeje?"

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons, watoto wanaufupisha D&D. Kwa nyie mlioko nyumbani, Dar, Mwanza au Mombasa, ambao hamjakutana nao, nieleze kidogo. Watu wanne mpaka sita wanakaa mezani. Mmoja ndiye kiongozi wa mchezo, anasimulia: mmefika kwenye daraja, upande wa pili kuna moshi, mnafanyaje? Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji, mganga, mwizi mwerevu, na anasema mhusika wake anafanya nini. Ikifika mahali pa kubahatisha, inarushwa dadu. Hakuna mshindi. Hadithi inaweza kwenda miezi, hata miaka, wiki hii mnaishia darajani, wiki ijayo mnaendelea. Ukiuangalia vizuri ni hadithi za bibi, tofauti ni kwamba humu wajukuu nao wanaamua sungura afanye nini.

Najua kuna watakaouliza habari ya mapepo. Hata Wamarekani wenyewe miaka ya 1980 waliogopa hivyo hivyo, wazazi wakaanzisha mpaka vyama vya kuupinga. Mimi nimekunja nguo sebuleni kwangu huku nikisikia kila neno, na nilichosikia ni watoto watano wakibishana nusu saa kama wafungue mlango au wasifungue. Ukiwa na wasiwasi kaa usikilize, ndiyo dawa. Leo tuzungumze hela.

Na nitakalosema kwenye sehemu zote hizi ni moja. Mchezo huu ni wa bei ya chini sana. Kinachomaliza hela ni kununua kunakokuja mahali pa kucheza. Tuende taratibu.

SEHEMU YA 2: Mchezo unahitaji nini, duka linauza nini

Tuanze na asili yake. Mchezo huu ulitungwa na wanaume wawili, Gary Gygax wa Wisconsin na Dave Arneson wa hapa hapa Minnesota ninapoishi. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima, ana familia kubwa, akawa anashona viatu nyumbani apate riziki. Mwaka 1974 wakatoa boksi dogo lenye vijitabu vitatu, bei yake dola 10. Mara ya kwanza yalichapwa maboksi 1,000 tu na kazi ya kuyapanga ilifanyika nyumbani. Zile dadu za ajabu zenye pande nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Zilikuwa zinauzwa na kampuni ya vifaa vya shule, za kufundishia hesabu.

Mnaona? Mchezo umezaliwa kwenye nyumba ya mtu anayebana matumizi. Na mpaka leo mahitaji yake hayajabadilika: watu, muda, meza, karatasi, penseli, na dadu seti moja ya dadu saba.

Sasa njoo dukani leo. Vitabu vikuu ni vitatu: kimoja cha wachezaji, kimoja cha kiongozi, kimoja cha viumbe. Matoleo mapya yalitoka kuanzia Septemba 2024 mpaka Februari 2025, na bei iliyoandikwa ni dola 49.99 kila kimoja. Vitatu ni dola 150, kodi ya mauzo bado. Chukulia wewe ni nesi msaidizi unayelipwa dola 18 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya saa nane, yaani shifti nzima ya kunyanyua wagonjwa, na makato hujayahesabu.

Halafu kuna dadu. Seti ya plastiki ni dola 5 mpaka 10. Za chuma zinafika dola 30 na kupanda. Kuna za mawe, kuna za kung'aa gizani, kuna zenye maua yaliyogandishwa ndani. Zote zinarusha namba zile zile. Kuna vijisanamu vya wahusika, na rangi za kuvipaka, na brashi za kupakia rangi, na sanduku la kubebea. Kuna programu ya mtandaoni ya malipo ya kila mwezi, daraja la chini kama dola 3, la juu kama dola 6. Kuna Kickstarter, ambako unalipia kitabu kabla hakijaandikwa kikaisha. Mwaka 2021 mchezo mmoja tu, Avatar Legends, ulichangiwa huko zaidi ya dola milioni 9. Na kuna viongozi wanaolipwa, kila mchezaji anatoa mara nyingi kati ya dola 10 na 25 kwa kikao kimoja.

Katika orodha yote hiyo, kipi ni lazima? Dadu ya dola 5. Basi. Sheria za msingi zinapatikana bure, halali kabisa, kwenye tovuti ya wenye mchezo. Ndugu yake wa karibu, Pathfinder, sheria zake zote ziko mtandaoni bure kwa ruhusa ya kampuni, kwenye tovuti inayoitwa Archives of Nethys. Hakuna haja ya kuiba nakala, na mtoto asikwambie hakuna njia nyingine.

Kwa hiyo mama wa dola hamsini: kitabu ni kizuri, kina picha, kina kurasa 384, mimi mwenyewe nimekishika. Ila mwanao anaweza kucheza mwaka mzima bila hicho. Hiyo uijue kabla hujasema ndiyo au hapana.

SEHEMU YA 3: Nani anabeba mzigo mezani

Hapa kuna jambo nililofundishwa na mwenzangu wa shifti za usiku, Mmarekani wa miaka hamsini na kitu, ambaye ameongoza mchezo huu tangu yuko shule. Aliniambia, "Wachezaji wanakuja na penseli. Kiongozi anakuja na begi." Nilidhani ni utani.

Si utani, ni hesabu ya biashara. D&D leo iko chini ya kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, Hasbro, kupitia Wizards of the Coast. Mwezi Desemba 2022 bosi wa Wizards aliwaambia wawekezaji waziwazi kwamba mchezo unapendwa sana lakini hautoi hela inavyostahili. Akaeleza kwamba viongozi wa mchezo ni kama asilimia 20 tu ya wachezaji wote, lakini wao ndio wanaonunua kwa wingi kuliko wengine. Mwaka huo huo kampuni ilikuwa imeinunua ile programu ya mtandaoni, D&D Beyond, kwa dola milioni 146.

Soma hapo kama mama mwenye bajeti. Kama mwanao au mumeo ndiye kiongozi, basi yeye ndiye anayebeba gharama za watu watano. Ananunua vitabu, ananunua ramani, analipia programu, mara nyingine ananunua na pizza. Wale wanne wengine wanapata burudani ya saa tatu au nne bila kutoa senti, na sio kwamba ni wabaya, hakuna aliyewaambia. Kwetu sisi tunajua jinsi ya kutatua hili. Tunachanga. Harusi tunachanga, msiba tunachanga, kikoba tunachanga. Meza ya D&D nayo ni kikoba: watu watano, dola 3 kila mtu kwa mwezi, ni dola 15. Kitabu cha dola 50 mnakipata ndani ya miezi minne na ni cha meza nzima. Hata ile programu, kwenye daraja la juu, mmoja akilipia anaweza kuwagawia wenzake wa meza moja vitabu alivyovinunua humo. Hakuna sababu ya watoto watano wa mtaa mmoja kununua kitu kile kile mara tano.

Na msidhani mnunuzi hana nguvu. Januari 2023 ilivuja habari kwamba kampuni inataka kubadilisha masharti ambayo kwa miaka mingi yaliwaruhusu watu wengine kutunga vitabu vyao kwa kutumia sheria za mchezo. Wachezaji wakakasirika, wengi wakafuta malipo yao ya kila mwezi kwenye programu. Kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma, na sheria za msingi ikaziachia kwa leseni ya Creative Commons. Maana yake hizo haziwezi kufungiwa tena, ni za kila mtu. Watu walifunga pochi zao, wakasikilizwa. Ukiona mchezo unamvuta mtoto wako kulipa kila mwezi, mkumbushe kisa hicho.

SEHEMU YA 4: Vitenge visivyoshonwa

Sasa nije kwa kina mama wenye waume wa kabati.

Kabla hatujamsema baba watoto, tuseme ukweli wetu. Kuna mwanamke humu asiye na vitenge kwenye sanduku ambavyo havijashonwa? Kile cha Kariakoo, kile alicholeta shangazi kutoka Kigoma, kile ulichokiona kwenye kundi la WhatsApp usiku ukashindwa kulala. Ukinunua unajiona tayari uko kwenye sherehe, umependeza, watu wanageuka. Kisha kinakunjwa. Fundi yuko mbali, sherehe haipo, shifti zimebana. Kununua kitenge ni raha moja, kuvaa ni raha nyingine kabisa. Ile ya kwanza ina duka la saa ishirini na nne. Ile ya pili inahitaji watu na siku.

Vitabu vya D&D ni vitenge. Mtu anasoma jalada usiku saa saba akitoka kazini, anaona meza, anaona marafiki, anasikia kicheko. Anabonyeza. Kifurushi kinakuja, marafiki hawaji.

Mama mmoja amenipa ruhusa nisimulie kisa chake bila jina. Mume wake alipokuwa nyumbani alikuwa mtu wa baraza. Kila jioni bao, kila jioni kahawa na wenzake wale wale. Amekuja Marekani, kazi ya ghala, shifti ya usiku, baraza hakuna. Wafanyakazi wenzake wakamkaribisha kwenye meza ya D&D. Alicheza baridi moja nzima na mke anasema alikuwa amerudi kuwa yule aliyemuoa. Kisha mmoja akapata mapacha, mwingine akahama jimbo, meza ikavunjika. Vitabu ndipo vilipoanza. Mama alivihesabu: 31. Tangu meza ivunjike hakuna hata kimoja kilichochezwa. Na wakati huo huo mdogo wake wa kike nyumbani anasubiri ada ya chuo.

Alitaka kuviuza vyote mumewe akiwa kazini. Na hasira yake ilikuwa ya haki, mimi sikumwambia apoe. Ada ni ada. Nilimwambia kitu kimoja tu: usianze na swali la "umetumia kiasi gani?" Swali hilo linamfanya mtu ajitetee, anaanza kupunguza bei, anaanza kuficha risiti. Muulize hivi: "Baba nanihii, mara ya mwisho kucheza ni lini?"

Alimuuliza. Akaniandikia kesho yake kwamba mzee alinyamaza muda mrefu, halafu akasema maneno mawili: "Sina watu."

Wapenzi, hapo tatizo limejitaja lenyewe. Ukimkataza vitabu bila kumtafutia watu, atahamia kwenye kitu kingine, na huenda kibaya zaidi. Walikubaliana mambo matatu. Hakuna kitabu kipya mpaka meza irudi. Vitabu ambavyo hata yeye anakiri hatavichoma macho vinauzwa, na hela inakwenda kwenye ada. Na yeye anaandika tangazo kwenye ubao wa maktaba ya mtaa. Vitabu tisa viliuzwa, havikurudisha bei yake, lakini kitu kilipatikana. Kwenye tangazo walijitokeza wawili, baadaye wa tatu. Wanacheza Jumapili mchana hapo hapo nyumbani, mtoto akiwa amelala. Sio hadithi ya malaika, katikati hapo alinunua kingine kimoja akakificha kwenye buti la gari, na mama alikiona. Waliongea, hawakupigana. Lakini kifurushi cha kila mwezi kimekoma, na siku hizi baba yule ana mtu wa kumpigia simu.

Nisieleweke vibaya. Kukusanya vitu siyo dhambi. Kuna mtu anapenda vitabu vyenyewe, kuvisoma na kuvipanga, kama wewe unavyopenda sahani za kabatini ambazo hata wageni hawazili. Hilo nalo ni starehe, lipewe bajeti yake kama starehe nyingine. Shida ni pale mtu anapojidanganya kwamba ananunua mchezo, wakati mchezo haupo.

SEHEMU YA 5: Watoto na aibu ya kukosa

Kwa watoto jambo hili lina sura nyingine, na kwangu ndiyo inayoniuma zaidi.

Kijana wangu wa pili ana miaka 13. Ni mtoto asiyeongea na wageni. Akiwa na simu yuko nayo, akiwa na watu yuko pembeni. Ijumaa jioni, kwenye ile meza, anaongea. Anapanga mipango, anabembeleza wenzake, anaomba msamaha kwa niaba ya mhusika wake aliyechoma moto ghala la mfalme. Sisemi mchezo ni dawa, mimi ni nesi siuzi miujiza. Ila wapo wataalamu wa tiba ya akili hapa Marekani wanaoutumia kwenye vikundi vya vijana, na nikimtazama mwanangu naelewa kwa nini.

Kwenye meza ile walikuwa sita. Mmoja ni mtoto wa mama mwenzetu wa Afrika Mashariki, anafanya kazi mbili, analea peke yake. Siku moja huyu mtoto akaacha kuja. Mama yake alipomuuliza alisema, "Siupendi tena." Mama akashukuru Mungu, gharama imepungua. Mimi ndiye niliyeambiwa ukweli, na aliyeniambia ni mwanangu. Watoto wengine walianza kuja na dadu za chuma kwenye vikasha vya mbao. Wawili walikuwa na wahusika waliowanunulia vitu kwenye programu. Yule alikuwa anaazima dadu kila wiki, kila wiki anaomba, na wiki moja mwenzake alisema kwa utani kwamba dadu zake zinachoka kuazimwa. Watoto walicheka. Yeye pia alicheka. Ijumaa iliyofuata hakuja.

Mama, mtoto akisema "siupendi tena" kitu alichokipenda mwezi jana, usikimbilie kushukuru. Wakati mwingine mtoto ameshajua hali ya nyumbani na anakulinda. Kuna watoto wetu wanakataa vitu kwa upendo, na sisi tunadhani wamekua.

Aliyetatua siyo mimi. Ni kiongozi wa meza yao, mtoto wa miaka 14. Nilimwambia tu kijana wangu awaambie wenzake sababu ya rafiki yao kutokuja, bila kumwaibisha. Ijumaa iliyofuata kiongozi alikuja na bakuli la plastiki, lile la nafaka za asubuhi. Akasema kila mtu amwage dadu zake humo, na kuanzia leo kila mtu anarusha kutoka kwenye bakuli. Za chuma, za plastiki, zote pamoja. Zile za programu akasema hapa mezani tunatumia karatasi. Kisha wawili wakaenda kumgongea mwenzao mlango. Alirudi.

Watoto wale wameelewa kitu ambacho duka haliwezi kukwambia. Dadu ya chuma haimfanyi mtu mchezaji. Lakini inaweza kumfanya mwingine asiwe mchezaji. Ndiyo maana mimi kwangu hela ya mchezo huu naiangalia hivi: matumizi yanayomleta mtu mezani ni mazuri, hata yakiwa ya unga wa chapati. Matumizi yanayomwondoa mtu mezani ni mabaya, hata ukiwa na uwezo nayo.

SEHEMU YA 6: Utaratibu wa nyumbani

Haya, mliosema "nesi, tupe vya kufanya", chukueni daftari.

Kwanza, cheza kabla ya kununua. Nyumbani kwangu sheria ni vikao sita. Mtoto acheze mara sita kwa sheria za bure na dadu za kuazima. Akifika kikao cha sita bado anausubiri Ijumaa kwa hamu, tunazungumza kitabu. Wengi hawafiki, na hapo umeokoa dola 50 bila ugomvi.

Pili, nenda maktaba. Maktaba nyingi za umma hapa Marekani zina vitabu vya D&D vya kuazima, na nyingi zina vikao vya vijana, bure, na dadu zipo pale pale. Ulizia dawati la vijana.

Tatu, hesabu kwa saa za kucheza. Mtoto mwenye dadu za dola 8, anayecheza mara mbili kwa mwezi, saa tatu kila mara, kwa mwaka anapata saa 72. Ni kama senti 11 kwa saa. Mtu mzima mwenye vitu vya dola 600 aliyecheza mara nne tu mwaka mzima, saa tatu kila mara, amepata saa 12. Hiyo ni dola 50 kwa saa. Hobi ni ile ile. Aliyecheza ndiye aliyenunua kwa bei rahisi.

Nne, toa kadi ya benki kwenye simu na kwenye programu. Kila malipo yaombe namba upya. Ule muda wa kwenda kutafuta pochi chumbani unatosha mtu kurudiwa na akili, hasa saa saba usiku. Na malipo ya kila mwezi yaangalieni kila baada ya miezi mitatu: mwezi huu tumecheza? Kama hapana, futa. Mkianza tena mtajiunga tena.

Tano, vya kuchangia vya mbele kama Kickstarter, toa hela ambayo hata kitabu kisipokuja haitagusa kodi ya nyumba. Lile si duka. Unampa mtu hela atengeneze, na anaweza kuchelewa, anaweza pia asimalize.

Sita, kiongozi asibebeshwe peke yake. Mkiwa wageni kwenye meza ya mtu, chukueni zamu za chakula, changeni kitabu. Mkiwa wenyeji, semeni bajeti wazi. Kwangu Ijumaa ni chapati na maharage. Watoto wa Kizungu sasa wanauliza kama kuna chapati kabla hawajauliza kama kuna mchezo.

Na nyie mlioko nyumbani, msiseme haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Sheria za bure mnazipakua kwenye simu, mnachapisha kurasa chache steshenari. Dadu za pande ishirini hamna? Andikeni namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya karatasi, tieni kwenye kikombe, chomoeni kimoja, kisha mkirudishe. Siyo umaskini huo. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni yenyewe ya D&D iliuza maboksi yenye vipande vya kadi vyenye namba badala ya dadu, na watoto wa Kimarekani wakacheza hivyo hivyo. Na hadithi sisi hatuna upungufu nazo.

Kwa hiyo mama uliyeuliza "nifanyeje", jibu langu ni hili. Jioni ya leo, kabla ya kugusa mambo ya hela, muulize mwanao au mumeo anacheza na nani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Akikutajia majina na siku, hiyo hobi inaishi, ipangieni bajeti na mlale salama. Akinyamaza, usipige hesabu ya vitabu kwanza. Tafuteni watu.

Niandikieni hapo chini nyumbani kwenu inakuwaje, hasa nyie mnaolipia programu ambayo hamjui kama bado inatumika. Sehemu ya 7 ni ya simu na michezo ya ndani ya simu, maana huko nako mmeniuliza. Mimi naingia shifti ya usiku. Muwe salama.